Nisome Haraka au Polepole?

 

Leo nimekuja na jioni moja tu. Ni jioni ya Jumanne, tarehe 14 Novemba 1922, katika mji wa London, saa kumi na mbili. Kwenye barabara ya Strand lilikuwapo jengo la kampuni ya Marconi, na juu kabisa katika jengo hilo ulifungwa mtambo wa kurushia sauti uliopewa jina la 2LO. Humo ndimo Bwana Arthur Burrows alimosogelea kipaza sauti na kusoma taarifa ya kwanza ya habari ya chombo ambacho leo tunakijua sote kwa herufi tatu, BBC. Aliisoma kwa mwendo wa haraka mpaka mwisho. Kisha akaianza upya, maneno yaleyale, safari hii taratibu. Akawaomba waliomsikia wamjulishe: kati ya hizo mbili, ipi imewafaa?

Nimesoma habari redioni tangu ujana wangu hadi nilipostaafu. Mengi yameandikwa kuhusu mwanzo wa redio: nani alivumbua nini, nani alimtangulia nani, mlingoti wa nani ulikuwa mrefu kuliko wa mwenzake. Mabishano hayo yana watu wake. Mimi linalonishika ni lile swali. Mtu amekabidhiwa chombo kipya, chombo kinachoingia majumbani mwa watu asiowaona wala kuwajua, na siku ya kwanza kabisa anawauliza kama mwendo wake unawafaa.

Ili swali hilo lieleweke uzito wake, tutazame ilivyokuwa kabla ya jioni hiyo. Wazee wetu walikiita chombo hiki simu ya upepo, na kwa miaka zaidi ya ishirini kweli kilikuwa simu: huyu anampelekea yule, kwa nukta na vistari vya Morse. Meli kwa meli, meli kwa bandari, jeshi kwa jeshi. Hata huku kwetu kiliingia kwa mlango huo. Tarehe 8 Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa na siku chache tu tangu kuanza, manowari ya Waingereza iitwayo Astraea ilijitokeza mbele ya Dar es Salaam na kupiga mizinga, shabaha yake ikiwa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Wakazi wa mji ule walisikia mizinga kwa sababu ya chombo hiki miaka mingi kabla ya kusikia humo wimbo au salamu.

Kwa wanajeshi na wafanyabiashara, simu ya upepo ilikuwa na ubaya mmoja mkubwa: haina siri. Ukisema, kila mwenye chombo anasikia. Aliyesikiliza bila kuandikiwa alihesabiwa kuwa mtu wa kutega sikio penye mazungumzo ya wenyewe. Burrows mwenyewe, wakati wa vita vile vikubwa, kazi yake ilihusu hilohilo, ujumbe wa adui ulionaswa hewani. Redio ilizaliwa pale watu walipotambua kwamba ubaya ule ndio uzuri wake. Waingereza waliipa kazi hiyo mpya neno la wakulima, neno la kurusha mbegu kwa mkono shambani. Sisi tulikuwa na neno letu tayari, kutangaza, maana yake kulifanya jambo litangae, lienee, kila mtu alijue. Nalipenda zaidi letu. Mbegu inaweza kuangukia jiwe, na mpanzi asishughulike nayo. Jambo ambalo halijatangaa, mtangazaji hajamaliza kazi.

Majaribio yalikuwapo kabla ya 1922. Tarehe 15 Juni 1920, huko Chelmsford, mwimbaji mashuhuri wa Australia, Nellie Melba, aliimba mbele ya kipaza sauti cha Marconi, gharama ikibebwa na gazeti la Daily Mail, na sauti yake ikasikika nchi kadhaa za Ulaya. Inasimuliwa kwamba alipoonyeshwa ile milingoti mirefu akaambiwa sauti yake itatokea kule juu, alimjibu kijana aliyemtembeza kwamba kama anadhani atapanda, amekosea sana. Baada ya hapo Posta, ambayo ndiyo iliyoshika mamlaka ya hewa katika Uingereza, ikayasimamisha mambo hayo: nyimbo ziliingilia mawasiliano ya maana. Ilibidi kungoja hadi Februari 1922 ndipo kampuni ya Marconi ikaruhusiwa nusu saa kwa wiki, kutoka kibanda kimoja kijijini Writtle, karibu na Chelmsford. Aliyevuma pale ni Kapteni Peter Eckersley, fundi mitambo aliyegundua kwamba anapenda kuzungumza. Na hata katika nusu saa hiyo aliamriwa anyamaze dakika tatu katika kila kumi, ili mtambo usikilize kama serikali inamtaka afunge.

Kisha tarehe 18 Oktoba 1922 ikaundwa Kampuni ya Utangazaji ya Uingereza. Wakati huo BBC ilikuwa kampuni, haijawa shirika la umma. Nyuma yake walisimama watengenezaji sita wakubwa wa vyombo vya redio, Marconi akiwa mmojawapo. Shabaha yao haikufichika: walitaka kuuza redio, na redio haiuziki kama hewani hakuna cha kusikiliza. Msikilizaji alitakiwa akate leseni Posta kwa shilingi 10 kwa mwaka, na matangazo ya biashara hayakuruhusiwa. Kufikia mwisho wa mwaka ule leseni zilizokatwa zilikuwa kama 36,000, na watumishi wa kampuni nzima walikuwa wanne.

Sasa nataka tukae kidogo na msikilizaji mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyeulizwa swali.

Redio ya mtu wa kawaida mwaka 1922 ilikuwa kitu kidogo cha mbao, chenye waya uliosokotwa kuzunguka bomba la karatasi ngumu, na kipande cha madini ya risasi kinachong'aa, ambacho kingeweza kulala kwenye ncha ya kidole. Haikutumia betri wala umeme wa nyumba. Nguvu yote ya kutikisa kile kiwambo cha sikioni ilitoka katika wimbi lenyewe lililosafiri kutoka mtamboni. Ndiyo maana ulihitaji waya mrefu nje, kutoka dirishani hadi mtini, wa kuzoa hicho kidogo kilichopita hewani, na waya mwingine wa kwenda ardhini.

Kazi ilikuwa kupata mahali. Kwenye kile kipande cha madini kuligusishwa ncha ya waya mwembamba sana, ambao Waingereza waliuita sharubu la paka. Si kila sehemu ya jiwe lile ilikubali. Ulisogeza ncha huku umeshika pumzi, kidogo huku, kidogo kule, masikio yamefungwa na vile visikizio, unasikia kimya, unasikia kimya, halafu ghafla sauti ya binadamu. Mtu akibamiza mlango, ncha ikiruka, unaanza upya. Na sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayezungumza chumba cha pili. Tena hapo ni kama unakaa mjini au karibu yake. Ukivuka maili ishirini hivi kutoka mtambo, jiwe halikufaa, ikabidi uwe na redio ya vali, zile taa za kioo, ambayo bei yake haikuwa ya kila mtu.

Visikizio vilikuwa jozi moja. Nyumba ina watu sita. Wengine walivitenganisha, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, vichwa vimegusana. Wengine walitumia akili wakavilaza ndani ya bakuli, au ndani ya beseni, na ule mwangwi ukaikuza sauti kiasi cha jamaa wote kuinama kuzunguka meza na kuambulia maneno. Mahali pengi, bila shaka, alisikiliza mmoja na kuwapokeza wenziwe. Anasikia sentensi, anaigeuza kwa sauti, na wakati anaigeuza sentensi inayofuata imeshapita.

Nadhani mnaanza kuona kwa nini Burrows alirudia. Gazeti ukipoteza mstari unarudisha jicho. Redio haina pa kurudisha sikio. Mtu ambaye maisha yake yote habari zimemjia kwa jicho, leo zinamjia kwa sikio moja, katikati ya mikwaruzo, ndani ya beseni, na mtoto anauliza wamesema nini. Pengine alitaka kuyaandika aliyoyasikia, amchukulie jirani. Hakuna aliyejua bado mwendo wa taarifa ya habari ni upi, kwa kuwa hakukuwa na kawaida ya kuifuata. Burrows angeweza kuamua peke yake, yeye akiwa mkuu wa vipindi. Aliyapeleka maamuzi kwa wale walioinamia beseni.

Na habari zenyewe zilikuwa zipi? Hapa ndipo ninapofurahi kila mara, kwa kuwa zinafanana sana na habari za leo. Kulikuwa na kesi katika Old Bailey, mahakama maarufu ya jinai mjini London. Kulikuwa na hotuba ya Bonar Law, kiongozi wa chama cha Wahafidhina, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya uchaguzi mkuu. Kulikuwa na mkutano wa kampeni uliovurugika kwa zogo, na aliyezomewa ni Winston Churchill, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ametoka kupasuliwa kidole tumbo na akihutubia jimboni kwake Dundee akiwa kitini. Kulikuwa na wizi ndani ya treni. Kulikuwa na ukungu uliotanda London. Kulikuwa na mnada wa nakala ya toleo la kwanza la tamthilia za Shakespeare, kitabu cha mwaka 1623. Na mwishoni, matokeo ya mchezo wa biliadi. Utabiri wa hali ya hewa nao ulisomwa siku hiyohiyo.

Niruhusuni nisimame kidogo kwenye lile toleo la Shakespeare, kwa kuwa lina uzi unaofika kwetu. Zipo tamthilia ambazo hazikupata kuchapishwa popote kabla ya kitabu hicho cha 1623, na mojawapo ni ile ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na ikachapishwa mwaka 1963. Bila kitabu kile kilichotajwa redioni jioni ile, pengine Mwalimu asingekuwa na cha kutafsiri. Mambo kama haya ndiyo yanayonifanya nisome taarifa za zamani neno kwa neno. Habari ya mnada, iliyowekwa karibu na biliadi, ina mizizi mirefu kuliko hotuba ya Bonar Law.

Kuhusu Churchill, kesho yake, tarehe 15, wapiga kura wa Dundee walimwangusha. Na kesho hiyohiyo redio ilionyesha kitu ambacho gazeti halikuweza kukifanya. Siku hiyo walijiunga Birmingham na Manchester, vituo vya 5IT na 2ZY, na usiku matokeo ya uchaguzi yakawa yanatangazwa kadiri yanavyoingia. Watu walikuwa wamezoea kungoja gazeti la asubuhi, au kwenda kusimama mbele ya ofisi ya gazeti usiku wa baridi watazame namba zikibandikwa. Sasa mtu ameketi kwake, miguu karibu na moto, na anajua.

Wenye magazeti waliliona hilo upesi, wakaogopa. Yakafikiwa makubaliano kwamba redio isisome habari kabla ya saa moja jioni, wakati magazeti ya jioni yameshauzwa, na kwamba habari zitoke kwa mashirika ya habari, Reuters na wenzake, si kwa waandishi wa redio yenyewe. Kwa miaka kadhaa chombo chenye kasi kuliko vyote kilifungwa mguu makusudi. Siwalaumu sana wenye magazeti. Walikuwa na mitambo ya kulipia na vijana wa kuuza mitaani wa kulisha. Lakini nafikiri msikilizaji wa siku zile alipata faida isiyokusudiwa: habari zilimfikia jioni, mara moja, zimepangwa, na yeye amekwisha kuoga na kula. Leo zinatufikia kila dakika na hatujui tumesikia nini.

Saa tatu usiku wa ile Jumanne, Burrows alisoma tena. Baada ya hapo siku ya kwanza ilikwisha.

Sitawachukua kwenye yote yaliyofuata. John Reith, yule Mskoti mrefu mkali, aliingia kuwa meneja mkuu mwishoni mwa Desemba. Mwaka uliofuata studio zikahamia Savoy Hill. Saa ya Greenwich ikaanza kupiga ile milio yake sita Februari 1924. Leseni zikapita milioni moja kabla ya mwaka 1924 kwisha. Burrows akaondoka mwaka 1925 kwenda Geneva kuwa katibu mkuu wa umoja mpya wa watangazaji, uliogawa masafa ili kituo cha nchi moja kisiikanyage sauti ya nchi nyingine. Naona kazi hiyo ilimstahili. Ni kazi ya mtu anayejali kama aliyeko upande wa pili anasikia. Ule mtambo wa 2LO wenyewe umehifadhiwa London katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi, makabati makubwa na vioo vyake, kimya.

Mwaka 1928 redio ilifika Nairobi. Ilisema Kiingereza, ikawasemea walowezi, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwapokelea ya London. Mwafrika aliyefagia chumba ambamo redio ilinena hakuulizwa chochote, si haraka wala polepole. Alianza kusemeshwa vilipokuja Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa jeshi la King's African Rifles walipopelekwa Abisinia, kisha Burma, na serikali ikaona kwamba mama aliyeachwa kijijini anahitaji kuambiwa kitu. Ndivyo Kiswahili kilivyopandishwa hewani: kwa ajili ya mzazi anayengoja kujua mwanawe yuko wapi. Nikifikiria wasikilizaji wote niliopata kuwasomea, sidhani yupo aliyesikiliza kwa makini kuliko huyo mama. Dar es Salaam ilipata kituo chake mwaka 1951, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaanza kusikika kutoka London tarehe 27 Juni 1957, miaka thelathini na mitano kasoro miezi michache tangu ile jioni ya Strand.

Redio niliyokulia mimi ilikuwa ya babu. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kilichofumwa, na haikufunguliwa ovyo kwa sababu betri zilikuwa ghali. Mchana betri zilitolewa zikaanikwa juani juu ya ungo, tukizilinda kuku wasizidonoe, maana babu aliamini jua linazirudishia nguvu. Ikifika saa mbili usiku kasoro kidogo, zilirudishwa, redio ikateremshwa, watu wa nyumba mbili tatu za jirani wakaja na vigoda vyao. Ukilia ule mlio wa ngoma wa kufungulia habari, hata mbwa alitulizwa. Babu hakuwa na beseni kama watu wa London, lakini alikuwa na yake: alilaza shavu kwenye spika, jicho amefumba, na habari ikiisha aligeuka akatueleza yote upya kwa maneno yake. Mimi taarifa ya kwanza ya habari maishani niliisikia mara mbili. Mara moja kwa mtangazaji, haraka, na mara moja kwa babu, polepole. Ile ya babu ndiyo niliyoielewa.

Nami nikaja nikawa mtangazaji, nikapewa, pamoja na mengine, matangazo ya vifo. Watu wa rika langu wanajua maana yake. Simu za mkononi hazikuwapo. Mtu akifariki Songea na nduguye yuko Tanga, barua haitamkuta kabla ya mazishi, basi jamaa wanakwenda kulipia tangazo, na redio inawataja wote: mtoto wa fulani, aliyeko mahali fulani, popote alipo asikiapo tangazo hili. Yalikuwa marefu na yalikuwa mengi. Kituo kilinipa dakika kumi, na karatasi mkononi zilitosha dakika ishirini.

Nilikuwa kijana na nilisifiwa kwa ulimi mwepesi. Nilijifunza kuyamaliza yote ndani ya dakika zile kumi, na msimamizi wa zamu alinipongeza mbele ya wenzangu.

Siku moja mlinzi wa lango aliniita. Nje ya ofisi alikaa mzee kwenye benchi, ana mfuko wa nailoni na fimbo. Nikamwamkia, shikamoo mzee. Akaitikia marahaba, akanitazama kidogo, akauliza, mwanangu, wewe ndiye unayesoma vifo? Nikasema ni mimi. Akasema, usiku wa juzi ulimtaja dada yangu. Jina lake nililisikia, na la baba yetu nililisikia. Mahali pa kuzikia na siku sikupata. Niliwauliza majirani waliokuwa na redio, nao hawakupata. Nikaona nije kwa mwenyewe.

Alikuwa amelala njiani usiku mmoja ili afike kwetu.

Niliingia ndani nikatafuta karatasi. Niliipata kwenye jalada, ina alama ya pembeni kwamba imekwisha kusomwa. Mazishi yalikuwa ni siku hiyohiyo tuliyokuwa tunazungumza, saa kumi jioni, na kijiji chenyewe kilikuwa mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka pale. Nilimsomea. Aliniomba nirudie, nikarudia. Aliniomba nimwandikie, kwa kuwa yeye macho hayakuona vizuri na angemwonyesha kondakta. Nikamwandikia jina la kijiji kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, akakikunja mara nne akakitia kwenye mfuko wa shati. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Alisema asante mwanangu, akashika fimbo yake. Baadaye niliambiwa kwamba alifika watu wameshaanua matanga.

Wakati huo sikuwa nimesoma habari za Burrows. Nilikuja kuzisoma miaka mingi baadaye, na niliposoma kwamba aliirudia taarifa yake polepole, nilikifunga kitabu nikamkumbuka yule mzee kwenye benchi.

Tangu siku ile nilikuwa naingia studio na kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Kabla taa nyekundu haijawaka, nilipitia karatasi zote za vifo na kuchora mistari miwili katika kila moja: mmoja kabla ya jina la kijiji, mmoja kabla ya siku ya mazishi. Penye mstari nilinyamaza, nikavuta pumzi, ndipo nikasoma. Halafu nikasoma tena. Dakika kumi zilipokwisha kukiwa na karatasi zilizobaki, nilikwenda kuomba nyingine, na nisipopewa, nilizisoma kesho yake asubuhi kabla ya kipindi changu chochote. Karatasi hizo ziko kwangu mpaka leo, nimezifunga kwa kamba, na mistari yake bado inaonekana.